Maneno Mawili Mekundu Mlangoni pa Meneja

MAELEZO YA SHAHIDI

Kosa linalochunguzwa: Kutishia kuua kwa maandishi.
Shahidi: Mwanamume, miaka 68. Jina la kitambulisho limenakiliwa kwenye jalada. Kazini anaitwa Babu Lifti.
Kazi: Mwendesha lifti, jengo la ofisi la ghorofa tano.
Makazi: Chumba cha nje, nyumbani kwa binti yake, nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Elimu: Darasa la nne. (Shahidi ameomba iongezwe kwamba la tano alilisikiliza kupitia dirisha.)

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu, nikiwa na akili zangu zote, pamoja na zile ambazo binti yangu anadai nimezisahau mahali.

Kazi yangu ni kupandisha watu na kuwashusha. Nimewapandisha wakubwa wengi kuliko wizara yoyote, na wote nikawashusha jioni. Mtu akiingia kwenye lifti hugeuka akatazama mlango, akasahau kuwa nyuma yake kuna mzee mwenye masikio. Ndiyo maana nayajua ya ofisi ile. Najua mhasibu anapiga kinanda cha mdomo akiwa peke yake. Najua Shangazi, yaani katibu muhtasi wa ghorofa ya tatu, ambaye hata waliomzidi umri humwita Shangazi, anafuma vitambaa chini ya meza huku akisema kwenye simu kuwa ana kazi nyingi. Afande ananiambia nije kwenye tukio. Nakuja, afande. Mimi siyo lifti mpya.

Mtuhumiwa mliyemweka mahabusu ni karani wa masjala, chumba cha mafaili, ghorofa ya tatu. Sisi tunamwita Bwana Mbolea, kwa sababu huja kazini na mfuko wa mbolea kwapani kama wengine wanavyokuja na gazeti. Tangu afiwe na mkewe, kupanda maua ndiyo starehe yake. Hanywi, hachezi bao, hafuatilii mpira. Alianza na kopo moja la rangi lililotupwa na mafundi, akalitoboa chini, akapanda kitu, akaliweka mlangoni pa masjala. Tukamcheka. Mimi ndiye niliyecheka zaidi, nikamuuliza kama mafaili yameanza kuota.

Kabla ya kopo lile, afande, korido ya ghorofa ya tatu ilikuwa kama korido ya hospitali. Kila mtu na mlango wake, salamu ya kichwa tu. Bwana Mbolea akaanza kugawa. Hakuuliza mtu anataka nini, alimwangalia tu. Mhasibu akapewa dungusi, lenye miba na lisilotaka maji wala maneno, na akalipenda kiasi kwamba nilimkuta siku moja analipulizia kinanda. Shangazi akapewa mmea wa kutambaa, maana habari za jengo zima zinapita kwake. Dereva wa ofisi akapewa mnanaa. Baada ya mwaka mmoja watu walikuwa wanakula chakula cha mchana wamekaa koridoni kwenye viti walivyovitoa ndani, wanabishana ni kopo la nani limeota jani jipya. Mhasibu na dereva, ambao hawakuwa wanasemeshana tangu mambo ya dizeli ya ofisi iliyopotea, walipatanishwa na wadudu weupe waliovamia mnanaa.

Sasa nafika kwenye maandishi.

Bwana Mbolea ni mtu wa masjala, na watu wa masjala wana namna yao ya kuandika. Mtu mwingine angeandika "Funguo za stoo". Yeye anaandika FUNGUO STOO. Kwenye kiti cha wageni ameandika KITI MGENI. Vile vineno vidogo vya katikati anavihesabu kuwa uchafuzi wa wino. Nilimwambia siku moja, "Karani, kiko wapi kile kineno?" Akanijibu, "Kazi gani?" Maana yake, kineno hicho kina kazi gani. Hata kuongea anaongea hivyo hivyo. Zamani mkewe ndiye aliyekuwa anamalizia sentensi zake. Ukimuuliza habari za nyumbani, yeye anasema "Nzuri," mke anaeleza uzuri wenyewe umetokea wapi. Mke alipoondoka, sentensi zikabaki nusu.

Kwa hiyo kila mlango wa ghorofa ya tatu, juu ya kopo, aliubandika karatasi yenye herufi kubwa: UA MHASIBU. UA DEREVA. UA SHANGAZI. Mhasibu ameishi na maneno hayo mlangoni pake zaidi ya miaka miwili na hajafa, ingawa wapo waliotamani, hasa mwisho wa mwezi. Sisi hatukuwahi kuona ubaya. Tulikuwa tunasoma "ua la mhasibu". Ile "la" tulikuwa tunaitia wenyewe, bila kujua kuwa tunaitia, jinsi mtu anavyoruka ngazi iliyovunjika nyumbani kwake hata gizani.

Mwalimu wangu wa darasa la nne aliwahi kutuambia kwamba "la" ni neno la ajabu: ukilisimamisha peke yake linakataa, ukiliweka katikati ya wawili linawaunganisha. Nilidhani anatupotezea muda tu mpaka kengele ilie. Afande, naomba usilifute hilo, nitalihitaji mbele.

Mnamo Ijumaa ya wiki iliyopita, Mama Meneja, ambaye ndiye mlalamikaji, aliletwa kutambulishwa. Nilimpandisha mwenyewe. Akasalimiana na watu wa ghorofa ya tatu kwa zamu, kila mmoja akampa mkono na cheo chake, halafu wakarudi vyumbani. Maua hayakuwepo koridoni siku hiyo, maana mafundi walikuwa wanaandaa kuta kupaka rangi kwa heshima yake, na makopo yote yalikuwa yameshushwa ua wa nyuma pamoja na viti. Hivyo hakuwa na mahali pa kukaa na wenzake, na wenzake hawakuwa na cha kubishania. Mchana nikiwa nimesimama mlangoni mwa jengo na Bwana Mbolea, tukamwona anakula mkate ndani ya gari lake, madirisha yamefungwa, anatazama mbele kama anayeendesha, na gari halijawashwa.

Bwana Mbolea akasema, "Hana mtu."

Nikasema, "Ni bosi huyo, ana watu ishirini."

Akarudia, "Hana mtu."

Mnamo tarehe 4 mwezi huu, siku ya Jumatatu, kabla ya saa mbili asubuhi, nilimpandisha Bwana Mbolea ghorofa ya tatu akiwa na karatasi zake na gundi. Kuta na milango ilikuwa imepakwa rangi nyeupe, mpya, yenye kunuka. Alisema ataanza na mlango wa Mama Meneja, heshima kwanza, halafu afuatishe mingine. Akabandika moja. Nililiona kutoka kwenye lifti. Liliandikwa kwa wino mwekundu. Najua hilo linawasumbua. Kalamu ya bluu ilikuwa imekauka, afande. Ningekuwa na jibu zuri zaidi ningekupa.

Nikamwambia, "Sasa ua lenyewe liko wapi?"

Akasema, "Uani."

Tukashuka kulichukua. Hapo ndipo nilipoona ni ua gani, nikanyamaza, na mimi kunyamaza ni jambo la kuandikwa. Lilikuwa waridi. Nyumbani kwa Bwana Mbolea, karibu na mlango wa jikoni, kuna waridi alilolipanda marehemu mkewe. Ofisi nzima tumeliomba. Shangazi ameliomba kwa machozi, mimi nimeliomba kwa ulaghai, mhasibu aliomba tawi moja tu kwa maandishi. Hatukupata. Kumbe kitambo alishaotesha tawi lake kwenye kopo kwa siri, limeshika, lina chipukizi tatu na ua moja lililofunguka nusu, na anampa mtu aliyemwona siku moja akila mkate ndani ya gari. Nilimtazama. Akasema, "Nini?" Nikasema, "Hakuna."

Tulipanda. Bwana Mbolea alikuwa amelikumbatia kopo, udongo mwekundu umemwagika kifuani, na mkasi wa kupogolea uko mfukoni. Kati ya ghorofa ya pili na ya tatu umeme ukakatika. Lifti ikasimama.

Kwa bahati mbaya, Mama Meneja siku hiyo alipanda ngazi. Alifika mlangoni pake tukiwa sisi tumening'inia. Kwa hiyo alichokikuta ni korido tupu, nyeupe, haina kopo hata moja, haina mtu, na mlango wake peke yake, kati ya milango yote, umebandikwa maneno mawili mekundu: UA MENEJA.

Afande, nimelifikiria sana hilo nikiwa kwenye benchi lenu. Mngeniuliza jana ningecheka. Leo najiuliza: mimi ningeenda siku ya kwanza mahali pa wageni, nikakuta mlangoni UA BABU, ningetia "la" au nisingetia? Inategemea nimelalaje. Inategemea nilikotoka walinipenda au hawakunipenda. Mtu aliyekuja amejiandaa kuchukiwa hawezi kuona ua ambalo halipo.

Mama Meneja akaingia ndani, akajifungia. Shangazi alifika baada yake, akaliona lile karatasi, akatia "la" yake kama kawaida, akaridhika. Akaja kwenye mlango wa lifti kutuita. Maneno yaliyofuata nayasema kama yalivyokuwa, maana nimeambiwa kwamba mlalamikaji aliyasikia yote akiwa nyuma ya mlango wake.

Shangazi aliita, "Babu! Mko wapi nyie?"

Nikajibu, "Katikati, Shangazi! Si mbinguni si duniani!"

"Mama Meneja keshafika!"

Bwana Mbolea akaninong'oneza, "Asitoke." Alitaka amkute mezani, amkabidhi vizuri.

Mimi nikapaza sauti, "Asitoke! Mfungie humo humo mpaka tumfikie!"

"Mnalo lakini?"

"Tunalo! Karani amelishika kwa mikono miwili!"

"Msije mkaliangusha, jamani!"

"Haliwezi kuanguka! Ila kali hili, limeshanitoboa, natoka damu!"

Yote hayo nimeyasema mimi. Mama Meneja hakuongeza hata nukta. Ila ua ni "hili", na panga nalo ni "hili", na anayesikia akiwa nyuma ya mlango hana wa kumuuliza lipi.

Baada ya muda ambao sikuupima, dereva wa ofisi alikuja na nondo, akabanua milango ya lifti kwa juu. Pakapatikana uwazi usawa wa kifua changu. Shangazi na dereva wakashuka kwenda kumtafuta fundi. Bwana Mbolea akapitisha kopo kwanza, akaliweka sakafuni. Halafu akajivuta kupanda. Mkasi ulikuwa unamchoma mapajani, akautoa mfukoni, na kwa kuwa mikono ina kazi, akaushika kwa meno. Mimi nilibaki ndani. Magoti yangu yalistaafu kabla yangu.

Wakati huohuo Mama Meneja alifungua mlango wake kidogo kuchungulia kama kuna njia ya kukimbilia. Sasa piga picha wewe mwenyewe, afande. Mtu anatoka kwenye shimo la sakafu, anatambaa, kifua chekundu, mkasi kwenye meno. Na Bwana Mbolea, kwa heshima, akijaribu kutabasamu.

Kelele alizopiga Mama Meneja nilizisikia mpaka kwenye fizi. Wenzako wawili walikuwa wameshafika juu ya ngazi, kwa kuwa alikuwa ameshawapigia simu. Kuanzia hapo sikuona nyuso, niliona viatu tu kupitia ule uwazi: buti jozi mbili, na viatu vya Bwana Mbolea vyenye udongo. Mahojiano niliyasikia hivi.

"Hili karatasi umeandika wewe?"

"Ndiyo."

"Ulimaanisha nini?"

"Ua."

"Ua nani?"

"Meneja."

"Peke yake, au kuna wengine?"

"Wote."

"Wote akina nani?"

"Ua mhasibu. Ua dereva. Ua Shangazi." Akafikiri kidogo, maana ni mtu mkweli. "Mlango kwa mlango."

"Na ulianza lini mpango huu?"

"Baada mke kufa."

Afande, nilicheka. Naandikisha hili kwa sababu niliulizwa kwa nini sikusema kitu mapema. Nilikaa chini kwenye sakafu ya lifti, nikacheka mpaka sauti ikakatika. Nilijua neno moja tu lingemaliza jambo lote, na kila nilipofungua mdomo kulisema nilicheka upya. Halafu nikasikia pingu. Ni mlio mdogo sana, hauna tofauti na mlio wa mlango wangu wa lifti ukijifunga. Nikaona viatu vyenye udongo vinageuka. Nikapiga kelele, "Ni ua LA meneja! LA meneja!" Mmoja wa wenzako akapiga sakafu kwa buti, akasema, "Nyamaza wewe wa shimoni, zamu yako inakuja!" Wakamchukua. Kopo wakalibeba kama kielelezo. Bwana Mbolea alisema neno moja tu akipita kwenye uwazi, na hakumwambia askari, aliniambia mimi. Alisema, "Halijanyweshwa."

Fundi aliponitoa nilikuja hapa moja kwa moja. Shangazi yuko nje pamoja na mhasibu na dereva. Mnaweza kuwaita, ila mkimwita Shangazi leteni karatasi za kutosha.

Ninachoomba kieleweke ni hiki. Mkimpeleka mbele mtu yule, atajibu mahakamani kama alivyojibu koridoni, neno moja moja, na kila neno litamfunga. Hana mtu wa kumtilia vile vineno vya katikati. Aliyekuwa naye amelala, na mti aliouacha ndio huo mlioufunga kamba ya kielelezo pale kaunta, ua lake limeanza kuinama. Akipoteza kazi, yale makopo yatabaki ua wa nyuma, na sisi tutarudi kila mtu na mlango wake. Afande ameniambia mara mbili nipunguze sauti. Sikupunguza kwa makusudi. Nilijua ni nani amekaa nyuma ya hilo kabati.

Naomba na haya yanayotokea sasa hivi uyaandike, maana nayo nayashuhudia.

Mama Meneja ameinuka nyuma ya kabati, amekuja mbele ya kaunta. Macho yamevimba. Ameniuliza, "Babu, ni kweli hilo waridi lilipandwa na mkewe?"

Nimemjibu, "Kweli, Mama. Na Shangazi amelilia miaka, hakupewa."

"Kwa nini mimi?"

"Alikuona Ijumaa kwenye gari, ukila."

Amelitazama kopo. Amegusa tawi, mwiba ukamchoma, akasema "Aa," akatazama kidole chake, na hapo nikaona anakumbuka yale maneno yangu ya kutoboka na damu, kwa sababu mdomo wake ulianza kucheka kabla macho hayajamaliza kulia. Amesema, "Nilikotoka waliniandikia mlangoni kweli. Nikadhani hapa mmewahi tu kuanza."



Afande amemuuliza rasmi, "Mama, unaendelea na malalamiko yako?"

Amejibu, "La."

Nikamwambia, "Hiyo hiyo, Mama. Ndiyo iliyokuwa inatafutwa mlangoni tangu asubuhi."

Niliyoyaona nimeyasema, niliyoyasikia kupitia tundu la lifti nimeyasema pia, na ya kuongeza chumvi nimejitahidi kuyaacha nyumbani. Haya ndiyo maelezo yangu.

Sahihi ya shahidi: (alama ya mshale wa kwenda juu)

MAELEZO YA ASKARI ALIYEREKODI

Maelezo haya yamesomwa kwa shahidi naye ameyakubali. Shahidi alikumbushwa mara kadhaa kujibu alichoulizwa, haikusaidia. Mlalamikaji ameondoa malalamiko. Mtuhumiwa ameachiwa.

Kielelezo cha kwanza, UA LA MENEJA, kimenyweshwa maji hapa kituoni na kukabidhiwa kwa mlalamikaji. Kielelezo cha pili, mkasi, kimerudishwa kwa karani, ameelekezwa aubebe mfukoni. Kielelezo cha tatu, karatasi la mlangoni, lilitakiwa kubaki kwenye jalada, lakini mlalamikaji aliomba alichukue. Kabla ya kuondoka karani aliazima kalamu yangu ya bluu, akaongeza herufi mbili katikati.

Mlalamikaji alimuuliza karani ua linatunzwaje. Karani alijibu: "Maji asubuhi." Shahidi alitaka kufafanua. Mlalamikaji alimwambia si lazima, ameelewa.